Heatwave, shujaa asiyeishiwa na maji

Mtoto wa Kaptembwo au wa Section 58 hapa Nakuru ukimuuliza gari la zimamoto likoje, yumkini atakueleza la kwenye katuni kabla ya kukueleza la kaunti. Hana kosa. La katuni hufika.

Jina lake Heatwave. Ni gari jekundu lenye ngazi mgongoni, na likijikunjua husimama wima likawa roboti mrefu mwenye hasira za karibu. Ndiye kiongozi wa kikosi cha Rescue Bots, tawi la Transformers, hadithi za roboti wanaogeuka magari, lililotengenezewa watoto wadogo, lililoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2011 na kumalizika 2016 baada ya vipindi 104. Wenzake ni Chase, gari la polisi, Boulder, tingatinga, na Blades, helikopta ambayo, kwa utani wa waandishi, inaogopa kwenda juu. Wanne hawa walilala miaka mingi ndani ya chombo chao angani. Walipoamka waliambiwa kwamba kwao kumeharibiwa na vita, na kwamba katika waokoaji wote waliokuwapo wamebaki wao tu. Optimus Prime, mkuu wao, akawaagiza wakae katika kisiwa cha Griffin Rock na familia ya Burns, wajifunze kwa binadamu, na mbele ya umma wajifanye mashine za kawaida zisizo na akili wala nafsi.

Je, shujaa wa namna hii anawafaa watoto wa Nakuru, Kisumu au Kakamega, ambako moto si mchezo wa Jumamosi asubuhi? Wapo wanaomtetea na wapo wanaomwona kama kiini macho. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hazina uzito sawa.

Tuanze na utetezi. Transformers ilizaliwa 1984 pale kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipochukua vinyago vya Takara ya Japani na kuvipa majina, pande mbili na vita. Tangu hapo thamani ya mhusika imepimwa kwa silaha yake. Hata wazima moto hawakunusurika. Inferno, gari la zimamoto lililotoka 1985, aliumbwa kuwa mtu anayependa kupigana kuliko kuzima. Katika filamu ya Transformers ya 2011, Sentinel Prime anageuka kuwa gari kubwa la zimamoto la uwanja wa ndege, na ndiye msaliti wa hadithi nzima: badala ya kumwaga maji, anamfyatulia mwenzake Ironhide kemikali inayomla kwa kutu hadi akabomoka. Sijui ni nani aliyekaa mezani akaona gari la kuokoa watu ndilo linalofaa kuvaliwa na muuaji, ila lazima niseme alijua kushtua.

Ukimweka Heatwave kando ya hao wawili, unaona mara moja kilichobadilika. Nguvu zake hazimtafuti adui. Mtoto wa miaka mitano anaona mwili mkubwa wa chuma ukiinua boriti ili mtu apite chini yake, basi. Kuna faida nyingine ambayo walimu wa chekechea wataielewa haraka: katika moto, mtoto mdogo hujificha chini ya kitanda, na mtu aliyevaa barakoa na mtungi wa hewa akiingia kwenye moshi humtisha kama zimwi. Mtoto aliyezoea sura ya ajabu inayokuja kuokoa ana nafasi nzuri zaidi ya kuitikia akiitwa.

Lakini kinachonifanya nimpende Heatwave ni kwamba kazi yenyewe hakuitaka. Mwanzoni mwa hadithi amenuna. Alitarajia kuwa pamoja na wapiganaji wa Optimus, akajikuta amepangiwa kisiwa kidogo na mwenzake binadamu, Kade Burns, kijana mzima moto mwenye majivuno. Kade anamwamrisha kama trekta. Watu wa mji wanampita bila salamu, kwa maana nani humsalimu mashine? Yeye anasikia yote, anaelewa yote, na ameagizwa anyamaze. Kengele ikilia anakwenda hivyo hivyo, na ndimi za moto anazizima huku bado ana kinyongo.

Hapo, nadhani bila kukusudia, waandishi wa Marekani wamegusa jambo ambalo mzima moto wa Kenya analijua kuliko wao. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, iliweka huduma za kuzima moto mikononi mwa kaunti. Kwenye karatasi ni kazi ya heshima. Mtaani, mzima moto huonekana siku moja tu, siku amechelewa. Siku hiyo mapokezi yake huweza kuwa matusi na wakati mwingine mawe. Hakuna anayeuliza gari lilipita wapi, nani alilielekeza kimakosa, au kama lilitoka kituoni na tangi limejaa. Wanamwona kama sehemu ya lile gari. Katuni inayomwonyesha mtoto kwamba ndani ya kile chuma chekundu kuna mtu mwenye hisia, anayekasirika, anayedharauliwa na bado anaingia motoni, imefanya kazi ambayo matamko ya viongozi hayajaifanya.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya biashara: Heatwave ni tangazo la kinyago lenye miguu. Ni kweli, na sina haja ya kukaa hapo. Karibu kila katuni ya vinyago iko hivyo, na kinyago cha gari la kuokoa watu hakiniudhi kama cha bunduki.

Hoja nzito ni ya maji. Heatwave humwaga maji kwa mkono wake, na ni nadra hadithi kusimama aulizwe yametoka wapi. Kwetu moto huamuliwa na swali hilo hilo. Piga hesabu: gari lenye tangi la lita 5,000, likimwaga lita 1,000 kwa dakika, limekauka baada ya dakika tano. Baada ya hapo linahitaji bomba la barabarani lenye presha, au bauza, au ziwa. Kisumu imekaa kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, na bado Manyatta na Nyalenda kuna watu wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Pale ambapo mama hapati maji ya kupikia bombani, hakuna haja ya kuuliza mzima moto atayapata wapi. Heatwave mwenyewe baadaye alipewa uwezo wa kugeuka boti ya kuzimia moto, na huyo ningemkaribisha Dunga, ufukweni mwa Kisumu, kwa mikono miwili.

Hoja inayofuata ni chanzo cha moto. Griffin Rock ni kisiwa cha wavumbuzi. Mikasa yake mingi hutoka kwenye maabara, mashine iliyoharibika, jaribio lililozidi kipimo, au mwovu fulani mwenye mpango. Moto wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, au wa Obunga, Kisumu, hauna mwovu. Una waya mmoja wa stima uliounganishwa kwa ujanja ukalisha vyumba kumi, koroboi iliyoachwa kando ya pazia, mtungi wa gesi wenye regulata iliyolegea, na kuta za mabati zilizopandishwa bega kwa bega hadi gari lolote, liwe la kaunti au la sayari ya mbali, linaishia barabarani. Na wazima moto wa kwanza si wenye sare. Ni majirani: wa mchanga, wa ndoo, na wale vijana wenye nyundo wanaobomoa chumba cha tatu ili moto wa chumba cha kwanza usivuke. Kubomoa nyumba ya mtu ambayo haijashika moto, mwenyewe amesimama hapo anakuapiza, ni uamuzi mgumu kuliko kuinua boriti. Sikumbuki katuni iliyoonyesha hilo.

Wapo watakaonijibu kwamba katuni si kitabu cha mafunzo, na ni sawa. Wataongeza kwamba Griffin Rock pia kuna Cody, mtoto wa mwisho wa Burns, ambaye hana gari wala sare. Ndiye aliyegundua kwamba roboti wale wana uhai, na kazi yake ni kukaa kwenye mitambo ya mawasiliano akiwapa wakubwa habari. Hii ni hoja nzuri kuliko wanavyoitumia. Mtoto wa Nakuru hawezi kuwa Heatwave, lakini anaweza kuwa Cody kesho asubuhi akijua kupiga 999 au 112 na kutaja mtaa, barabara na alama iliyo karibu. Wangapi wanaijua namba ya kituo cha zimamoto cha kaunti yao? Nauliza watu wazima.

Kuna wanaodai kwamba mjadala huu wote ni ndoto kwa sababu roboti wa kuzima moto hawapo. Wapo. Aprili 15, 2019, kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilipowaka, na wakubwa wa kikosi wakaogopa kwamba paa lingewaangukia watu wao, waliingiza mashine inayoitwa Colossus, yenye uzito wa karibu kilo 500, inayotembea kwa minyororo kama tingatinga. Ilimwaga maji ndani ya kanisa mahali ambapo binadamu hangeruhusiwa kusimama. Haikuwa na hasira wala kinyongo. Mtu aliyekuwa nje aliiongoza kwa rimoti. Na ilikuwa imevuta mpira wa maji nyuma yake. Maji mengine ya usiku ule yalipigwa pampu kutoka mto Seine. Yaani hata roboti halisi wa tajiri anaanza pale pale tulipokwama sisi: mpira, pampu na chanzo cha maji. Mwanasiasa akitokea siku moja kutuahidi Colossus wa Nakuru, muulizeni kwanza ataufunga wapi huo mpira.

Hata hivyo maji nayo yana mpaka, na hapa ndipo nahisi wapinzani wa Heatwave wanaishia njiani. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka katikati yao, wakafa zaidi ya 100. Julai 2021 ikawa Malanga, Siaya, barabara ya Kisumu kwenda Busia: lori la mafuta liligongana na la maziwa, watu wakaja na mitungi, moto ukazuka, zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Petroli huelea juu ya maji. Ukiimwagia maji matupu unaitandaza, inatakiwa povu. Lakini tuseme Heatwave angefika na povu la kutosha. Angefika baada ya mlipuko, kama wazima moto wote. Angewatoa majeruhi, angezuia moto usishike shamba la jirani, na waliokuwa wamezunguka lori wangekuwa wamekwisha kufa.

Nafasi ya kuokoa watu Sachangwan ilikuwa kabla ya cheche, katika zile dakika ambazo lori limelala, petroli inatiririka mtaroni, na kila anayepita anaona bahati. Anayetakiwa dakika zile ni wa kusimama mbele ya jirani mwenye shida ya kweli na kumwambia rudi nyuma, acha mtungi, zima pikipiki. Hatashangiliwa. Ataitwa mchoyo, au ataambiwa anataka kuchota peke yake.

Katika kikosi cha Rescue Bots mtu wa kazi hiyo yupo. Ni Chase, gari la polisi, anayezikariri sheria neno kwa neno. Waandishi wamemfanya kichekesho. Kila anapotaja kanuni watoto wanacheka, wenzake wanapumua kwa uchovu, kisha Heatwave anapita mbele na muziki unapanda. Lawama yangu kwa katuni hii iko hapo, na ni kubwa kuliko ile ya maji: imemfanya anayezima kuwa kiongozi na anayezuia kuwa mzaha. Sidhani kosa hili ni la Wamarekani pekee. Sisi nasi hupiga picha magari mapya ya zimamoto yakikabidhiwa kwa utepe, na sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu ya mkaguzi aliyekataa kupitisha jengo lisilo na mlango wa dharura.

Kwa hiyo mwacheni mtoto atazame. Heatwave ana kinyongo cha kweli na bidii ya kweli, na mtoto akimwona mzima moto wa kaunti akamfikiria yeye, hatuna cha kupoteza. Ila kama kungekuwa na kipindi cha 105, ningetaka kiandikiwe barabara kama ile ya Sachangwan: lori limelala ubavu, moto haujawaka, Chase yuko zamu peke yake, na Heatwave yuko njiani na tangi lililojaa nusu.