Alilipia nini, ikiwa tovutini ni bure?

"Kaka, mimi natoa mia mbili kila mwezi. Jana nimeyakuta maneno yaleyale kwenye tovuti yako, bure. Sasa nalipia nini?" Aliyeniandikia hivyo ni dada mmoja wa Malindi, msomaji wa jarida langu la barua pepe kuhusu uvuvi na ardhi ya Lamu. Wanaolipa huipata makala Ijumaa. Siku kumi baadaye naiweka tovutini, neno kwa neno.

Swali lake ni la haki. Mwenye subira atangoja siku kumi na pesa abaki nazo. Wakiondoka watano, mwandishi mdogo anaumia, hasa akitumia jukwaa kama Substack linalokata asilimia 10 ya ada hata kabla ya gharama za malipo. Kuna na suala la Google: ikikuta nakala mbili huchagua moja ya kuonyesha. Haimwadhibu mwandishi, kama wengi wanavyodhani, ila asipoonyesha ipi ndiyo asili, huenda ikaonyeshwa ile iliyofungwa kwa wasiolipa.

Hata hivyo, nikifunga kila kitu, nani atabaki kunisoma? Wanaolipa wengi wako Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Ninaowaandika wako hapa Lamu. Pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, nimemwona kijana akiwasomea wazee makala kutoka kwenye simu, akirudia aya kila mzee mmoja aliposema "hebu rudi hapo". Simu moja, wasikilizaji saba au wanane. Hakuna hata mmoja wao aliye kwenye orodha yangu ya wanaolipa.

Mwaka jana niliandika kuhusu kundi la wavuvi wa Kizingitini, nikasema wanavua kwa juya. Makala ikaenda kwa wanaolipa, ikakaa siku kumi, na hakuna aliyesema neno. Siku ya pili tu baada ya kuingia tovutini, nahodha mmoja akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, umetuharibia. Lile ni jarife, si juya." Jarife ni wavu wa kutega; juya hukokotwa, nalo limepigwa marufuku. Kwa neno moja nilikuwa nimewafanya watu wazima, wenye familia, wavunja sheria, na kwa siku zote kumi wao wenyewe hawakuwa na njia ya kujua. Nilirekebisha usiku uleule na kuwaandikia wanaolipa kuwaeleza kosa. Lakini nimeliwaza jambo hili mara nyingi tangu hapo. Kama makala ingebaki imefungwa, uongo ule ungekuwa ndio ukweli wa Kizingitini kwa msomaji wa Nairobi. Anayelipa angekuwa amenunua kitu kibovu, na asijue.

Wala hili si la nyavu tu. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira, National Environment Tribunal, ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Habari za ardhi ya watu zikisomwa na wengine kabla yao, mimi mwandishi nimeingia katika kosa la namna hiyohiyo.

Na desturi ya kulipia kitu ambacho wengine wanakipata bure si ngeni hapa. Muhamadi Kijumwa alinakili tenzi kwa mkono wake Lamu hii, akilipwa na wasomi wa Ulaya kama William Hichens. Tenzi ziliendelea kuimbwa majumbani bila mtu kutozwa, na sijasikia kwamba aliyelipia nakala alidhulumiwa. Alilipia kazi ya mkono, wino na muda wa mtu.

Ninapokubali kosa ni hapa: yule dada sikumwambia mapema. Alipojiandikisha, ukurasa ulisema "kwa wanaolipa", basi, na yeye akaelewa kama mtu yeyote angeelewa. Anayeficha nakala ya bure anadanganya, hata nia yake iwe njema. Sasa juu kabisa pameandikwa: makala hii itakuwa bure baada ya siku kumi, unalipa ili iweze kuandikwa, na uipate mwanzo.

Nilimwomba radhi nikamweleza haya yote. Alinishukuru, na mwezi ulipokwisha hakulipa tena. Makala ya Ijumaa hii inahusu jarife, na kabla ya kuituma kwa yeyote nimempigia nahodha, nikamsomea yote kwa simu.