Mwamuzi wa Mpira wa Magongo na Mamlaka ya Picha za Video

Mpira wa magongo huchezeshwa na waamuzi wawili tu uwanjani, kila mmoja akiwa na dhamana kubwa zaidi juu ya nusu yake ya uwanja wenye urefu wa mita 91.40, na hakuna mshika kibendera wa kumsaidia pembeni. Ndani ya nusu duara ya kushambulia, ambayo ina kipimo cha mita 14.63 kutoka golini, mwamuzi anatakiwa kuona kwa kufumba na kufumbua kama mpira umegusa mguu wa beki, kama gongo limetumika kwa upande wa mgongo wake, au kama mchezaji ametumia mwili kumziba mpinzani asiufikie mpira. Akipuliza filimbi, mara nyingi adhabu ni kona fupi, yaani mpira husukumwa kutoka mstari wa nyuma kwenda kwa washambuliaji walio ukingoni mwa nusu duara ili wapige golini, na mechi nyingi huamuliwa hapo, kwa kuwa mabingwa wa kazi hiyo hupiga mpira unaozidi kasi ya kilomita 100 kwa saa.

Ndiyo maana hoja ya wanaotetea mwamuzi wa video ina uzito. Katika mashindano makubwa ya kimataifa, mchezaji anayeona timu yake imeonewa huonyesha ishara ya herufi T kwa mikono, na uamuzi kuhusu goli, penalti au kona fupi hupitiwa upya. Ombi likikataliwa, timu hupoteza haki ya kuomba tena. Likikubaliwa, hubaki nayo. Mguso mdogo wa mpira kwenye kiatu, ambao mwamuzi aliyezibwa na miili ya wachezaji hawezi kuuona, huonekana wazi kwenye picha ya mwendo wa polepole. Kumnyima mwamuzi msaada huo, kisha kumlaumu kwa kukosea, si haki hata kidogo.

Lakini si kila jambo linalomhusu mwamuzi ni la kuona. Sheria inasema adhabu itolewe pale tu ambapo kosa limemnyima mpinzani faida. Beki akigusa mpira kwa mguu, na mpira ukaendelea hadi kwa mshambuliaji aliye huru, mwamuzi mzuri hunyoosha mkono na kuacha mchezo uendelee. Vivyo hivyo kwa mpira wa hatari: kinachopimwa ni kama mchezaji alilazimika kukwepa kwa sababu ya msingi, na hilo halina mstari unaoweza kuchorwa kwenye skrini. Picha ikisimamishwa, mguu unaonekana. Hasara aliyopata mpinzani haionekani kwa urahisi huo. Hofu yangu ni kwamba mwamuzi aliyezoea kusahihishwa na picha ataanza kupulizia kila mguso, na mchezo utapoteza mwendo wake.

Tena, mitambo nayo huleta makosa. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, nusu fainali ya wanawake kati ya India na Australia iliisha 1-1, ikaenda kwenye hatua ya mshambuliaji kupambana na kipa ana kwa ana kwa sekunde 8. Kipa wa India, Savita, aliokoa jaribio la kwanza la Australia, lakini saa haikuwa imeanza kuhesabu, hivyo jaribio likaamriwa kurudiwa, na safari hii goli likafungwa. Australia ilishinda 3-0 katika hatua hiyo, na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo likaomba radhi. Kosa lilikuwa la kuanza jaribio kabla saa haijawa tayari, na utaratibu wa kurudia ulifuatwa, lakini lawama za mashabiki ziliwaangukia waliosimamia mechi.

Kwa mtazamo wangu, video ibaki kwenye maamuzi ya goli, penalti na kona fupi kama ilivyo sasa, isipanuliwe hadi kila faulo ya katikati ya uwanja. Katika ligi zetu za Afrika Mashariki, ambako mwamuzi wa video hayupo, mjadala huu usiwe kisingizio cha kusubiri vifaa. Fedha kidogo zilizopo zingefaa zaidi kulipia semina, nauli na posho za waamuzi vijana, na kumweka mwamuzi mzoefu kando ya uwanja ili baada ya mechi akae nao, awaulize walisimama wapi kona fupi ilipopigwa, na kwa nini hawakuwa hatua chache karibu na mstari wa goli.