Kava na dawa za daktari: "ni mmea tu" si jibu

Ukiuliza kama kava inaweza kutumiwa pamoja na dawa za hospitali, utajibiwa na kambi mbili. Ya kwanza itakwambia watu wa visiwa vya Pasifiki wameinywa karne na karne, kwa hiyo haina neno. Ya pili itakwambia imeharibu maini ya watu Ulaya, kwa hiyo ukiwa kwenye dozi yoyote usiiguse. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tatizo ni kwamba swali lenyewe ni la jumla mno. Dawa si kitu kimoja, na kava nayo si kitu kimoja.

Kwa asiyeijua, kava ni mmea wa jamii moja na pilipili manga, jina lake la kisayansi Piper methysticum. Mzizi wake husagwa au kupondwa, ukachanganywa na maji na kuchujwa. Huko Vanuatu, Fiji, Tonga na Samoa hunywewa kwenye shughuli za heshima, na pia jioni watu wakipumzika. Kwingineko huuzwa kama kapsuli, matone au unga kwa ajili ya wasiwasi na kukosa usingizi. Viambata vinavyofanya kazi huitwa kavalaktoni. Pamoja na mambo mengine, huipa nguvu zaidi GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza mishipa ya fahamu.

Hapo kwenye GABA ndipo hatari iliyo wazi kuliko zote ilipo. Benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza wasiwasi kama diazepamu, alprazolamu na wenzake, nazo hufanya kazi hapo hapo, ingawa hushika sehemu tofauti ya kipokezi, yaani pale GABA inapojishikiza kwenye seli. Anayetumia vyote viwili anajituliza mara mbili. Mwaka 1996 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 54 aliyefikishwa hospitali akiwa amelegea na hajui vizuri alipo. Alikuwa kwenye alprazolamu, simetidini (ya kupunguza asidi ya tumbo) na terazosini (ya shinikizo la damu), na siku chache kabla alikuwa ameanza kava. Baada ya saa kadhaa akarudiwa na fahamu zake.

Kisa hicho hunukuliwa kila mahali kana kwamba ni hukumu ya mahakama ya rufaa. Wanaoitetea kava wana haki ya kukikosoa: simetidini peke yake hupunguza kasi ya mwili kuiondoa alprazolamu, kwa hiyo huwezi kuitwisha kava mzigo wote. Nakubaliana nao. Lakini hata ukikifuta kabisa kisa hicho, hoja haianguki, kwa sababu haikujengwa juu ya mgonjwa mmoja. Vitu viwili vinavyosinziza, vikikutana, husinziza zaidi. Kwenye orodha hiyo weka vidonge vya usingizi, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, fenobabitali ya kifafa, zile dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, na pombe. Anayeendesha gari au mashine baada ya mchanganyiko wa namna hii hahatarishi nafsi yake tu.

Kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, wanaotumia dawa yake iitwayo levodopa wanapaswa kukaa mbali na kava, maana kuna ripoti za wagonjwa ambao dalili zao zilizidi baada ya kuitumia, na inashukiwa kwamba inaipinga dopamini, kemikali ya ubongo ambayo levodopa huiongeza. Kwa hili sioni cha kubishania.

Ubishi wenyewe uko kwenye vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya kundi la CYP. Kikizuiwa kimoja, dawa inayokitegemea hujazana mwilini hata kama hujaongeza kidonge. Maabara zimeonyesha kwamba kavalaktoni huzuia vimeng'enya hivi vingi, vikiwemo CYP1A2, 2C9, 2C19, 2D6 na 3A4. Ukisoma matokeo hayo peke yake utadhani kava inagongana na nusu ya duka la dawa, na ndivyo makala nyingi za tahadhari zinavyoandika.

Ila chupa ya maabara haina tumbo wala damu. Watu wenye afya walipopewa kava kwa siku kadhaa, kisha wakapimwa, picha ilikuwa tofauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 haukuona athari ya maana kwenye CYP3A4, 2D6 wala 1A2. Kilichoshuka ni CYP2E1, kwa takriban asilimia 40. Majaribio ya baadaye ya midazolamu (ya kutuliza) na digoksini (ya moyo) nayo hayakuonyesha mgongano wa maana. Watetezi wa kava huishia hapo wakafunga kitabu.

Mimi nisingekifunga. Kwanza, utafiti huo wa 2005 haukupima CYP2C9, na hicho ndicho kinachohusika sana na wafarini, ya kuzuia damu kuganda, na fenitoini, ya kifafa, dawa ambazo kiwango chake kikipanda kidogo tu mgonjwa anavuja damu au anapepesuka. Pili, waliopimwa walikuwa watu wazima wenye afya, waliokunywa vidonge vya kipimo kinachojulikana. Huko New Caledonia watafiti walichukua wanywaji wazito wa kava ya asili, ile ya maji, wakawapima kwa kutumia kafeini, ambayo huvunjwa na CYP1A2, kwanza wakiwa bado wanakunywa, kisha baada ya kuacha kwa mwezi mmoja. Walipoacha, kasi ya CYP1A2 ilipanda karibu mara mbili. Maana yake walipokuwa wakinywa, kimeng'enya kilikuwa kimebanwa. Klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na teofilini ya pumu, hupita njia hiyo hiyo.

Matokeo hayo yanaharibu hadithi ambayo nimeisikia mara nyingi, kwamba ya kapsuli ndiyo mbaya na ya kienyeji haina shida. Kwenye suala la mgongano wa dawa, kipimo ndicho kinachoamua. Vikombe vingi kila usiku ni kipimo kikubwa, hata kama mzizi umesafishwa na kuchujwa kwa maji safi.

Sasa ini lenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ripoti za watu walioumia ini baada ya kutumia kava zilitoka hasa Ujerumani na Uswisi, na wachache kati yao walihitaji kupandikizwa ini jipya. Marekani ilitoa onyo Machi 2002, Ujerumani ikafuta vibali mwaka huo huo, na Uingereza ikapiga marufuku Januari 2003. Wakulima wa visiwani walipoteza soko. Mwaka 2014 mahakama moja ya Ujerumani ikasema ule ufutaji wa vibali haukuwa na msingi wa kutosha. Waliopitia ripoti moja baada ya nyingine walikuta nyingi zina kasoro: huyu alikuwa mnywaji wa pombe, yule alikuwa kwenye dawa nyingine tatu ambazo nazo zinajulikana kwa kusumbua ini, mwingine alizidisha kipimo.

Utetezi huo una nguvu, lakini tazama unakoelekea. Ukisema "si kava, walikuwa na dawa nyingine", umeisafisha kava inayonywewa peke yake. Kwa mtu anayeuliza kuhusu kava na dawa zake, hukumsafishia njia. Umemwambia kwamba waliodhurika walikuwa watu wanaofanana na yeye. Sijui kwa nini hoja hii hurudiwa kama faraja.

Vivyo hivyo na hoja ya karne nyingi. Naiheshimu: vizazi na vizazi vya wanywaji ni ushahidi mkubwa kuliko majaribio mengi ya wiki sita, na kuumia ini vibaya kwa sababu ya kava ni jambo la nadra. Ila katika karne hizo hapakuwa na wafarini, metotreksati (ya saratani na baridi yabisi), dawa za kifua kikuu wala paracetamol. Historia hiyo inatuambia habari za kava, haituambii habari za mchanganyiko.

Hata faida ina nafasi yake kwenye mizani. Jaribio la Australia la mwaka 2013, lenye watu 75 kwa wiki sita, lilionyesha kava ikipunguza wasiwasi kuliko kidonge bandia, yaani kisicho na dawa ndani. Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2020, watu 171 kwa wiki 16, halikuona kava ikikishinda kidonge bandia, na vipimo vya ini visivyo vya kawaida vilijitokeza zaidi kwa waliopewa kava. Kama faida inayumba namna hii, anayetaka kuiongeza juu ya dozi ya daktari ana sababu chache za kuvumilia hatari hata ndogo.

Halafu kuna bidhaa yenyewe. Pakiti inaandika "kava miligramu 500". Je, huo ni unga wa mzizi au ni dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa na kukolezwa? Dondoo la asilimia 30 litakupa miligramu 150 za kavalaktoni, wakati unga wa mzizi wenye asilimia 10 utakupa 50 tu. Australia huruhusu vidonge visizidi miligramu 250 za kavalaktoni kwa siku. Vanuatu nayo ina sheria ya mwaka 2002 inayotenganisha kava za kunywa kila siku na aina ya tudei, ambayo ulevi wake humganda mtu hadi siku ya pili. Pakiti isiyotaja kavalaktoni wala aina ya mmea haikupi cha kuhesabia, na mfamasia naye atabaki kubahatisha.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati. Kwa dawa za kutuliza, levodopa, dawa zinazolisumbua ini, na zile ambazo kiwango chake hakitaki kuyumba, mtu aiache kava. Kwa nyingine, mazungumzo na mfamasia yana maana kuliko katazo la jumla, kwa sababu mgonjwa aliyekaripiwa haachi, anaficha. Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amweleze mtaalamu wa nusukaputi mapema. Ushauri wa kawaida ni kuacha angalau saa 24 kabla.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la yule anayesoma haya na kuamua kuacha vidonge ili abaki na kava. Benzodiazepini iliyotumika kwa muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua. Na aliyekwisha kuchanganya, akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekolea kama chai, au kichefuchefu na uchovu visivyoelezeka, aache kava siku hiyo hiyo aende hospitali na pakiti yenyewe, wasilazimike kukisia alikunywa nini.