Umeme wa gari ya zamani: tulipie kupima, tuache kubahatisha spea

Kuna kauli naisikia sana gereji na inanikera kweli: "bosi, hii gari ya zamani, umeme wake umeshachoka." Mi nasema umeme hauchoki. Waya unaoza, nati inalegea, kaboni za stata, ile mota inayokoroga injini, zinaisha, pointi za rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, zinaungua, na vyote hivyo vina mahali pake na vinapimika. Ukiambiwa umeme umechoka jua hujapimiwa kitu, na kinachofuata hapo ni kutumwa Kariakoo ukanunue alteneta, ile mashine inayochaji betri.

Wakati ukweli ni kwamba hizi gari zetu za zamani, Corolla 100 na 110, Mark II GX90, Hilux za miaka ya 90, Land Rover ndo usiseme, ni rahisi kutafuta tatizo la umeme kuliko hizi mpya. Waya unatoka kwenye fyuzi unaenda kwenye swichi, unatoka swichi unaenda kwenye rilei, unatoka rilei unaenda kwenye taa, unaweza kuufuata kwa macho na kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho. Unachohitaji ni ile mita ndogo ya njano wanayouza kila duka la vifaa vya umeme, bei yake haifiki hata robo ya betri mpya, na taa ya kupimia, na mtu mwenye subira. Basi. Ila tabia yetu ni kubadilisha kwanza alafu ndo tuone, haya betri mpya, haijapona, haya alteneta, haijapona, haya stata, mpaka mtu anamaliza akiba yake na gari bado inasukumwa asubuhi na vijana wa mtaani.

Tuanze na betri maana ndo inayosingiziwa kuliko kitu chochote. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari ikiwa imelala usiku kucha haijaguswa, inatakiwa isome kama 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu, ikiwa chini ya 12 imeisha, na kuisha sio kufa, inawezekana haichajiwi tu. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Alafu washa gari, weka mita palepale kwenye vichwa vya betri, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na injini inanguruma basi chaji haifiki kwenye betri, na angalia nimesema haifiki, sijasema alteneta imekufa, maana inaweza kuwa mkanda umelegea, au fyuzi kubwa ya chaji imekatika, au ule waya mnene wa kutoka alteneta umeoza. Unahamisha mita nyuma ya alteneta yenyewe, kwenye nati ya ule waya mnene. Kama pale inasoma 14 na zaidi na kwenye betri unasoma 12, alteneta ni nzima, tatizo liko njiani. Hizo ni dakika mbili za kazi, na nawajua watu waliobadilisha alteneta nzima kwa sababu hamna aliyezitumia.

Sasa ethi, yaani njia ya umeme ya kurudi kwenye betri. Hapa ndo penye shughuli na hapa ndo nataka tukae.

Umeme unatoka chanya ya betri, unapita kwenye kifaa, alafu lazima urudi kwenye hasi ya betri, na kwenye gari unarudi kupitia bodi na chuma cha injini. Watu wote wanahangaika na njia ya kwenda, fyuzi, swichi, rilei, njia ya kurudi hamna anayeikumbuka. Na injini imekalia mauntingi za mpira kwahiyo haijagusana na bodi kiumeme, inategemea waya wa hasi wa betri na ule mkanda wa waya za kusuka unaotoka injini kwenda bodi. Sisi tuliopo Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yenyewe ina chumvi, unyevu mwaka mzima, shaba inaanza kuwa ya kijani kwenye mdomo wa waya alafu uozo unaingia ndani ya mpira ambako huoni kitu, nje waya unang'aa, ukiuchuna unakuta shaba imekuwa nyeusi inamegeka.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, ana Corolla 110 anaitunza vizuri sana. Asubuhi inawaka, mchana ikishapata moto ukigeuza ufunguo inalia tak, tak, haikorogi. Alishawekewa betri mpya, alafu akawekewa stata ya mtumba, bado. Siku hiyo kaniita, "mwanangu njoo uniangalizie, hii gari inanimalizia kiinua mgongo." Nikaweka mita kwenye volti, ncha moja nikaigusisha kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe sio klipu, ncha nyingine kwenye chuma cha injini nikakikwangua kidogo kwanza, nikamwambia haya mama, piga stata. Pale mita inatakiwa ikae karibu kabisa na sifuri, ikizidi sana iwe 0.2. Ikaruka mpaka 1.6. Yaani kutoka betri mpaka injini, safari ya waya mmoja tu, volti moja na nusu imepotelea humo na stata inabaki na njaa. Tukafungua bolti inayobana waya wa hasi kwenye gia boksi, chini ya ile pete ya waya kulikuwa na unga wa kijani umechanganyika na kutu na oili ya miaka. Brashi ya waya, msasa, tukasafisha mpaka chuma cheupe, tukakaza. Piga tena mama. 0.1. Injini ilikorogwa kwa nguvu mpaka akaachia ufunguo kwa mshtuko, "heee, ndo hii hii stata?" Ndo hiyo hiyo.

Na fundi wa mwanzo alishapima ule waya, hakumdanganya. Tatizo alipima kwa mlio, ile sehemu ya mita inayolia waya ukiwa haujakatika. Mita ukiiweka kwenye mlio inapitisha umeme kidogo mno, hata ukibaki unyuzi mmoja wa shaba unatosha, itapiga piii, na fundi atasema waya mzima. Lakini stata ya gari ndogo inavuta ampea 150 na zaidi wakati inakoroga. Piga hesabu: ampea 150 mara ukinzani wa omu 0.01, ni volti 1.5 zimepotea, na hiyo omu 0.01 mita yetu ya kawaida haiwezi hata kuiona. Ndo maana nasema waya upimwe ukiwa kazini, taa zimewashwa, stata inazunguka, feni inavuta, alafu utafute volti inapotelea wapi kati ya ncha mbili za waya huo huo. Kijana anayesoma umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA au anayejifunzia chini ya mwembe, akishika hiki kipimo kimoja vizuri, atawapita wengi waliokaa gereji miaka.

Ethi mbovu ina vituko kiasi kwamba wengine wanasema gari ina jini. Unakanyaga breki, indiketa ya upande huo nayo inawaka hafifu. Unawasha taa ndogo, ya breki inafifia. Hamna jini hapo, umeme umekosa njia yake ya kurudi kwahiyo unajipenyeza kupitia balbu ya jirani. Kwenye Toyota nyingi tafuta waya mweupe wenye mstari mweusi nyuma ya taa, ufuate mpaka pale ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi ndani ya buti, fungua, kwangua, kaza. Kabla hujafanya hivo usinunue taa nzima ya nyuma, tafadhali.

Kuna na hili la gari inalala nzima inaamka imekufa. Taa ya buti ya wati 5 tu iliyogoma kuzima inakula kama ampea 0.4, betri ya ampea-saa 45 inamalizwa kwa siku nne na kidogo, na stata itaanza kushindwa kabla ya hapo. Kupima: zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo, ngoja kidogo, toa klipu ya hasi ya betri, weka mita kwenye tundu la ampea 10 kati ya klipu na nguzo ya hasi. Gari ya umri huo ikizidi ampea 0.05 kuna kitu kinanyonya. Chomoa fyuzi moja moja, ile ambayo ukiitoa namba inaanguka ndo njia yenye mwizi. Na mita ikiwa hapo usije ukapiga stata wala kuwasha taa kubwa, utaiunguza. Mara nyingi mwizi anakuwa redio au alamu iliyofungwa mtaani.

Hizo alamu bwana. Waya wa swichi ya ufunguo unakatwa katikati, unasokotwa kwa vidole, unazungushiwa tepu nyeusi, jua la Dar linayeyusha gundi, baada ya muda tepu inateleza waya unabaki uchi chini ya usukani. Mwaka mmoja baadae gari inazima barabarani bila sababu na watu wanabadilisha pampu ya mafuta. Gari ya zamani ikija na shida ya kuzimika, kitu cha kwanza mi naangalia ni nini kiliongezwa na nani alikata wapi.

Na fyuzi, hapa sina lugha ya upole. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, rangi zimewekwa ili hata usiku usikosee. Fyuzi inalinda waya. Ikikatika mara ya pili ujue kuna shoti mahali, sio kwamba fyuzi ni dhaifu. Ukiweka ya 30 palipotengenezewa 10, au karatasi ya sigara, au kipande cha waya, basi kitakachoungua sasa ni waya wenyewe ndani ya dashibodi, na wewe na watoto mmekaa humo. Fundi akifanya hivyo kwenye gari yako mbele ya macho yako, chukua ufunguo wako uondoke.

Kuhusu mashine ya kupimia, wateja wanaipenda sana siku hizi, "niliipeleka kwenye kompyuta." Mfumo wa OBD2, ule unaoiwezesha mashine kusoma makosa ya gari, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, ila gari nyingi za Kijapani za miaka ya 90 tulizoletewa hazina huo mfumo kamili, mashine inachomekwa haisomi kitu, na hela unalipa. Toyota za wakati huo zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kiwaya, unafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa kasi ileile hamna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mbili, ikatulia, ikakonyeza mbili, hiyo ni 22, njia ya sensa ya joto la maji. Nasema njia, maana waya uliokatika unatoa namba ileile ya kosa ambayo sensa mbovu inatoa, kwahiyo bado mita inahitajika. Na soma vizuri maandishi ya kifuniko kabla hujachomeka, humo ndani kuna tundu la +B lenye umeme wa betri moja kwa moja, ukilikutanisha na E1 umetengeneza tatizo jipya.

Sasa kwa nini mafundi hawapimi? Mi silaumu mafundi peke yao, na hapa wateja wenzangu mnisikilize. Hospitali unalipa maabara, majibu yanakuja huna malaria, unaondoka umeridhika, hugombani na mtu. Gereji fundi akitumia masaa mawili amelala chini ya dashibodi, akakuta ni nati imelegea, akaikaza, tunamwambia "aah we si umekaza nati tu, chukua ya soda." Lakini huyo huyo akikuuzia alteneta ambayo haikuhitajika unalipa bila kelele kwa sababu umeona kitu kwenye boksi. Tumemfundisha wenyewe kwamba akili yake haina bei, bei iko kwenye spea. Ana watoto wanakula, atafanya nini? Atauza spea.

Kwahiyo ukipeleka gari patana kabisa mwanzoni hela ya kupima, mbali na hela ya kutengeneza. Mwambie dalili zote, inagoma saa ngapi, ikiwa ya moto au ya baridi, mvua ilinyesha, nini kilifungwa karibuni. Alafu akikuletea jina la spea muulize ulipima wapi, ilisoma ngapi, kifaa kilikuwa kinafanya kazi au kimezimwa. Fundi anayejua hachukii hayo maswali, anafurahi kupata mtu wa kumuonyesha mita. Anayekasirika umeshamjua.

Fundi wangu tumeelewana hivyo. Juzi alihangaika mchana mzima na taa ya kulia iliyokuwa inafifia kwenye matuta, akakuta mdomo wa soketi ya rilei umetanuka, akaubana kwa koleo ndogo, akajaza mafuta kidogo kuzuia kutu, hakuuza kitu chochote, na nikampa hela yake yote tuliyopatana.