Fundi Hapimi Kiwanja, Anapima Bosi

Ukitaka kujua mtaani unahesabiwa kuwa mtu wa namna gani, usiende benki kuulizia salio. Mwite fundi aje akukadirie nyumba. Akifika saiti hatazami kiwanja, anatazama umekuja na nini. Ukishuka kwenye gari, hata kama ni la kuazima na mwenyewe anapiga simu ulirudishe kabla ya saa nane, msingi umeshapanda bei. Ukishuka kwenye bodaboda, msingi unapungua kidogo ila tofali zinaongezeka, kwa sababu mtu wa bodaboda hana muda wa kusimama azihesabu. Ukija kwa miguu na kandambili unaulizwa, "Mwenye nyumba yuko njiani?"

Mimi nina ramani ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 10. Haina ghorofa, haina kibaraza cha maringo, haina hata kona moja ya kumsumbua mtu. Nikamkunjulia fundi pale Bunju juu ya toroli lililopinduliwa. Akaitazama kichwa chini miguu juu, akakuna kidevu, akavuta pumzi, akasema, "Bosi, kwani umejipanga na shilingi ngapi?"

Jamani! Nimekuita uniambie nyumba ni shilingi ngapi, unaniuliza mimi nina shilingi ngapi? Huko si kukadiria, huko ni kupekuliwa mifuko. Nikamtajia nusu ya nilichonacho, nikijiona mjanja wa Pwani nzima. Akapiga hesabu chini kwa kijiti, akafuta, akapiga tena. Kazi ya msingi peke yake ikatoka sawasawa na ile nusu. Haikuzidi, haikupungua. Hata mashine ya benki huwa inakata chaji, yule bwana hakukata kitu.

Nikasema hapana, mimi ni mtu niliyesoma, nitakwenda kwa mtaalamu. Nikamtafuta mkadiriaji majenzi, yule wa vyeti. Huyo kwa kweli hakuniuliza nina shilingi ngapi. Alinipa kitabu. Kila kitu kimo: kuchimba msingi kwa mita za ujazo, ukuta kwa mita za mraba, nondo kwa kilo, rangi kwa makoti. Mita 1 ya mraba ya ukuta wa nchi 6 inakula tofali 10, hapo umeshaweka na za kuvunjika. Nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikakuta mstari umeandikwa: "Dharura, asilimia 10."

Mama watoto akauliza hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni ya mambo yasiyotazamiwa.

"Kama hayatazamiwi, wamejuaje ni asilimia 10?"

Sikuwa na jibu. Lakini fundi alikuwa nalo. Sijui nani alimwonyesha kile kitabu, ila Jumatatu asubuhi akanipigia.

"Bosi, shikamoo. Ile ya dharura ipo?"

"Marahaba. Dharura gani tena imetokea?"

"Bado haijatokea, bosi. Itatokea Alhamisi."

Na Alhamisi ilitokea. Kiwanja changu ukikitazama kwa macho ni tambarare, mtoto anaweza kuviringisha gololi isimkimbie. Dalali aliyeniuzia alikuwa anakipigapiga kwa kisigino anasema, "Hapa ni kuweka nyumba tu." Fundi akaja na mpira wake mwembamba unaoonyesha ndani, kaujaza maji, ncha moja kaishika saidia fundi kwenye kigingi cha kona ya barabarani, ncha nyingine anayo yeye kona ya chini kwenye mnazi. Wakaanza kupigiana kelele. "Panda! Shuka! Hapo hapo!" Maji yakatulia. Akachora alama kwenye kigingi kwa penseli anayoifuga sikioni, akaniita nije nione mwenyewe. Kutoka alama mpaka ardhini, sentimita 90. Yaani kona moja ya nyumba yangu imesimama barabarani na nyingine ipo bondeni inachuma nazi.

Sasa hapo ndipo nilipojua kifusi. Kifusi, kwa ambaye hajajenga, ni udongo unaoununua ili uumwage juu ya udongo ambao ulishaununua. Mita 10 kwa 10, wastani wa nusu mita kwenda juu, ni mita za ujazo 50. Ukishindilia zinanywea, unaongeza. Tipa linakuja linamwaga, linaondoka, mimi natazama pesa yangu inakanyagwa na vijana wanne wenye magogo huku wanaimba. Kwenye yale makadirio ya kijiti kifusi hakikuwemo. Kwenye kitabu cha mtaalamu kilikuwemo, ila kwa kiwanja cha tambarare, maana yeye naye aliniamini mimi, na mimi nilimwamini dalali.

Jamvi, ile sakafu ya zege ya chini, nalo lina kisa chake. Ramani inasema zege la sentimita 10. Eneo ni mita za mraba 100, kwa hiyo zege ni mita za ujazo 10, na kila mita moja ya ujazo inakula kama mifuko 6 ya saruji. Mifuko 60, nimejipanga, nimehema. Asubuhi ya kumwaga fundi akanivuta pembeni. "Bosi, tukiongeza kidogo tu, sentimita 2, jamvi lako halipasuki maisha." Akanionyesha kwa gumba na kidole cha shahada, hapo katikati panapita punje ya hindi. Nani atakataa punje ya hindi? Nikasema sawa. Saa nane mchana saruji imekwisha, jamvi halijafika jikoni. Punje ya hindi ukiitandaza kwenye mita 100 za mraba ni mita 2 za ujazo. Mifuko 12. Kwa sh 16,000 mfuko, ni sh 192,000, hapo sijagusa kokoto wala mchanga wala bodaboda aliyebeba mifuko miwili miwili huku zege linakauka na vijana wamekaa kwenye kivuli wanaagiza soda kwa jina langu.

Nikaamua kuanzia hapo vifaa nanunua mwenyewe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kilo 10.6 hivi, hili nilijifunza kwenye kile kitabu. Nikaenda duka la hadiwea nikamwomba mwenye duka mizani. Akanitazama sana.

"Mzee, hii ni nondo, si nyama."

"Najua. Nipimie."

Ikapimwa kwa mizani ya misumari, imening'inizwa katikati na kamba, watu wamejaa. Kilo 8 na nusu. Nikamwambia hii si kumi na mbili. Akasema bila kupepesa, "Ni kumi na mbili, ila ni kumi na mbili ya biashara. Unataka ile ya kumi na mbili yenyewe?" Akaingia nyuma ya stoo akaitoa. Ipo! Siku zote ilikuwa ipo! Ina bei yake na inakaa kivulini, inasubiri mteja mwenye maswali.

Bati ndiyo usiseme. Mimi nimesoma hesabu kwa viboko, najua 30 inazidi 28. Wauza mabati hawakupita shule ile. Kwao geji 30 ni nyembamba, geji 28 ndiyo nene, na namba ikizidi kupanda bati linazidi kuwa karatasi. Baba mkwe aliposikia nanunua geji 28 akanipigia simu kwa huruma: "Mwanangu, usijibane. Binti yangu alale pazuri. Chukua hata ile ya 32, nitakuchangia." Nikamshukuru sana mzee.

Halafu fundi wa kupaua akaleta hesabu ya mabati: mita za mraba 145. Nikaruka. Nyumba ina mita 100, hizi 45 anapaua kwa nani? Usiku mzima nilikaa na karatasi nikimtafutia wizi wake. Paa linatoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, kwa hiyo ile 10 kwa 10 inakuwa 11.2 kwa 11.2, hapo ni 125 tayari. Kisha paa halilali, limeinama, na kwa mwinamo wa nyuzi 30 mteremko unarefuka, ukigawanya ile 125 kwa kosini ya nyuzi 30 unapata karibu 145 kamili. Na bado mabati yanapandiana. Sikuwahi kuumia kama usiku ule. Mtu ukiibiwa una wa kumlaumu, sasa mimi niliibiwa na hesabu za kidato cha pili. Asubuhi fundi akanikuta na macho mekundu, akasema kwa upole, "Bosi, nyumba nayo haivai kofia inayolingana na kichwa."

Lakini hayo makubwa afadhali. Saruji unaiona, bati unaliona, ukipita unasema hili langu. Kinachomaliza mtu ni vile visivyoonekana nyumba ikiisha. Waya wa kufungia nondo. Nailoni ya chini ya jamvi. Dawa ya mchwa, unamwaga chini, unafukia, na hutakaa umwone mchwa hata mmoja akufie mbele yako uridhike. Mirunda ya kushikilia linta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, ambayo ikishatumika inahamia kwa jirani anayejenga kisha jirani anakusalimia kwa heshima sana. Maji ya boza, maana zege linakunywa, tofali zinakunywa, na ukuta ukishajengwa nao unataka kumwagiliwa. Misumari! Mimi nadhani yule fundi wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, anakula misumari. Kila jioni: "Bosi, nchi 4 imekata." Nchi 4 imekata, nchi 6 imekata, nchi 3 imebaki mingi lakini haina kazi.

Na mlinzi. Vifaa vikifika saiti vinataka mlinzi. Mlinzi anataka kibanda. Kibanda kinataka bati. Bati likiwekwa linataka mlinzi. Ile familia ya kwanza kuhamia katika kiwanja changu ni ya mlinzi, ana redio, ana kuku, ana bustani ya mchicha inayomwagiliwa kwa boza langu. Juzi nilipokuja aliniuliza kama nitakaa sana, maana ana wageni.

Tena ukiwa umebanwa hivyo ndipo ndugu wanapokuja kuona. Mama mkwe alifika boma likiwa limefikia linta. Akasimama katikati ya sebule, akazunguka polepole, akasema, "Mwanangu, pamebana." Pamebana? Paa hakuna, madirisha hakuna, mbingu nzima ya Bunju iko wazi juu ya kichwa chake! Mama watoto akanitazama. Fundi akamtazama mama watoto. Akasema, "Ukuta huu tunausogeza kidogo tu, mama, si kazi." Nilipoona anainua gumba na kidole cha shahada, nikapiga kelele watu wakadhani ameingia nyoka.

Ukuta ulisogezwa. We acha tu.

Sasa niko hapa. Nyumba imepauliwa, ukipita barabarani unasema mwenye hii amemaliza. Ndani hamna lipu, hamna dari, madirisha nimeziba kwa tofali. Nikamuuliza fundi, haya, kimebaki nini cha lazima tuhamie? Akakuna kidevu. "Bosi, shimo." Shimo lipi? "La choo." Kitabu kizima, mahesabu yote ya kijiti, vyoo viwili vimechorwa na masinki yake, nimeulizwa mpaka rangi ya sinki, hakuna aliyesema vinakwenda wapi. Nikachungulia kwenye kitabu. Kimeandika vizuri kabisa, mwishoni, kwa herufi ndogo: "Kazi za nje hazimo."

Na wiki hii kijana mmoja ofisini, kaoa juzijuzi, amenijia wakati wa chai na daftari. "Shikamoo kaka. Ile nyumba yako imekutoka kama shilingi ngapi mpaka hapo? Na mimi nataka nianze." Kaka mtu na heshima yangu, wenzangu wanasikiliza, nitamwambia nini? Nikamtajia tofali, nikamtajia saruji, bati kwa bei ya geji 30, nikajumlisha nikakata chenji. Kifusi nikakiruka. Mlinzi nikamruka na kuku wake. Zile sentimita 2 nikazinywa na chai. Kijana akaandika, akapigia mstari, uso unang'aa. "Kumbe inawezekana!" Nikampa na namba ya fundi.

Akauliza kama kuna kitu kingine cha kuongeza. Nikamwambia aweke asilimia 10 ya dharura.

"Dharura kama ipi, kaka?"

Nikamwambia fundi atampigia amjulishe siku.