Trena wa wiki kumi ama solfa ya mwaka mzima? Mambo ya kwaya za shule na msimu wa mashindano

Term two ikifunguliwa tu hapa Nakuru, pita nje ya shule yoyote saa kumi jioni utasikia. Laini moja ya alto, ile sauti ya chini ya wasichana, inarudiwa mara ishirini, mtu anagonga dawati na rula, anasema "tena!", na ile laini inarudi vilevile na kosa lilelile kwa pale pale. Ni msimu wa mashindano ya muziki, yale ya kuanzia zoni, mnapanda sub-kaunti, kaunti, rijini, mpaka taifa, na kwaya ikibahatika sana inaitwa kuimbia Rais. Hii kitu iko tangu 1927, kwa hivyo kuna familia nyanya aliimba, mama akaimba na sasa mtoto ndio anaimba.

Na kila mwaka kuna ubishi mmoja kati ya walimu wa muziki na hauishi. Upande mmoja unasema leta trena, yaani mtu wa nje wa kunoa kwaya, mlipe, awakaririshe watoto ule wimbo wa lazima wa kwenye silabasi kwa wiki kumi mpaka waimbe hata wakiwa wamelala, cheti kije, mwalimu mkuu afurahi, maisha yaendelee. Upande wa pili unasema hiyo ni kudanganya watoto, mtoto anafaa kufundishwa kusoma solfa, zile do re mi za kuandikwa, tangu Januari ndio apewe karatasi yoyote aisome mwenyewe. Mimi nimekaa upande wa pili miaka mingi tena kwa kelele, lakini siku hizi sina uhakika ule wa zamani, na nataka kueleza ni kwa nini.

Acha nianze na trena kwa sababu huwa anatukanwa sana na watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya watoto sitini wenye njaa. Niko na rafiki yangu Kisumu ambaye hiyo ndio kazi yake, msimu ukifika anazunguka shule nne ama tano, na nilipomuanzia ile hotuba yangu ya solfa alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniambia, "Omera, wewe uko na watoto wa bweni. Mimi niko na watoto wa day, saa kumi na moja wanataka kwenda nyumbani, wengine wanavuka mto, mvua ya Mei inanyesha. Nikianza na do re mi, tutafika fa wenzetu wako rijini." Na ukimwangalia akifanya kazi hafanyi ovyo. Anarekodi kila sauti kwa simu, soprano peke yake, alto peke yake, tena (sauti ya juu ya wavulana) na bezi vilevile, anaacha hizo rekodi kwa mwalimu ndio watoto wasikilizishwe akiwa hayuko. Anajua wapi kwaya itashuka na anawaambia mapema. Hiyo si uvivu, ni ufundi.

Halafu kuna hoja yake ingine ambayo ndio ilinikosesha usingizi. Aliniuliza, nani aliwahi kumpa mpiga isukuti, zile ngoma za Waluhya, karatasi? Nani alifundisha mtu nyatiti, kile kinubi cha Waluo, na ubao na chaki? Muziki wetu huku magharibi umepita kwa sikio tangu zamani na umepita vizuri, sasa mbona mtoto akijifunza kwa sikio ndani ya darasa tunasema hajajifunza?

Nilibaki kimya kwa sababu ni kweli. Lakini baadaye nikiwa kwa matatu narudi Nakuru nikaanza kuona penye hiyo hoja inavuja. Mtoto wa Idakho ama Isukha huko Kakamega anayejua isukuti hakukaririshwa wiki kumi. Ameisikia harusini, matangani, kwa sherehe za kila aina, akiwa mgongoni, akiwa na miaka mitano anaruka pembeni, akiwa na kumi anaruhusiwa kushika ngoma ndogo. Sikio limelelewa miaka kumi na tano. Na hata hiyo sasa imeanza kuyumba, ndio maana UNESCO mwaka 2014 waliweka isukuti kwa ile orodha ya tamaduni zinazohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wenye kuijua wanazeeka na vijana hawaipokei kama zamani. Kwa hivyo kusikia ni shule kamili, nakubali, lakini ni shule ndefu kuliko hata ya solfa. Chenye trena anafanya ni kuchukua ile njia ndefu na kuikata kipande cha wiki kumi, halafu tunaiita utamaduni.

Na kuandika nako si adui wa kusikia. Angalia wimbo wetu wa taifa. Ilikuwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, umekaa mdomoni mwa akina mama huko Tana, halafu kukaribia uhuru watu watano wakakaa chini wakautengeneza ukawa wimbo wa nchi nzima, na ndani ya hao watano kulikuwa na Peter Kibukosya na Washington Omondi. Usingeandikwa, ungebaki huko huko Tana. Usingeimbwa kwanza, hakungekuwa na cha kuandika.

Sasa wacha nikuambie chenye kilinipata mimi, shule siitaji na ilikuwa makosa yangu pia. Tulikuwa na alto kumi na wanne, wazuri, adjudiketa, yaani jaji, wa sub-kaunti aliwasifu mpaka tukavimba vichwa. Asubuhi ya kaunti msichana mmoja wa Fomu Three akaamka na homa kali, akaachwa san, chumba cha wagonjwa cha shule. Mmoja tu. Tukasema hakuna neno, wamebaki kumi na watatu. Kufika ukurasa wa pili wa ule wimbo alto ikaanza kuyeyuka, nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi na niliona kwa macho, mmoja anamwangalia jirani, jirani anaangalia mbele, na ndani ya mistari miwili hivi wote kumi na watatu wamehamia soprano kama watu wamehama nyumba usiku. Karatasi ya majaji ikarudi neno alto limepigiwa mstari mara mbili. Hatukuwa na alto kumi na wanne. Tulikuwa na alto mmoja na wengine kumi na watatu walikuwa wamekopa sikio lake, na sisi walimu watatu pamoja na trena tuliyemlipa hatukujua kwa sababu hatukuwahi kuwasikiliza mmoja mmoja hata siku moja.

Mwaka uliofuata, Februari, nikasema kila mtoto ataingia peke yake kwa darasa aimbe baa nane (baa za muziki, sio zile za taun). Akaingia dada mmoja, miaka miwili kwa kwaya, anashika chuma ya mlango haachii. Nikampa ki, ile noti ya kuanzia, akanyamaza. Nikampa tena. Akaniuliza, "Mwalimu, naweza simama na huyo mwenzangu ako nje?" Nikamwambia jaribu tu. Akaimba alto vizuri kabisa mpaka nilipoanza kuimba soprano kando yake, pole pole, na kabla ya baa ya nne amenifuata. Hakujua amenifuata, alidhani bado ako kwa alto! Nikamwandikia ubaoni so mi re do, nikamwambia hapa ndio wewe unateremka na mimi nabaki juu, angalia kidole changu. Mara ya tatu akashikilia. Ilichukua kama dakika sita na si eti alijua solfa, alikuwa tu ameona mara ya kwanza kwamba laini yake iko na mahali pake inapoelekea.

Hapo ndio mawazo yangu yalianza kubadilika. Shida haikuwa kukaririshwa, huyo dada alikuwa amekariri sawasawa. Shida ni kwamba hakuna mtu aliwahi kumsikia.

Huko Marekani wako na kitu wanaita kwaya za heshima, za wilaya mpaka za jimbo zima, na pale shule haishindani kama shule, mtoto anashindana mwenyewe. Texas kwa mfano wanapita raundi baada ya raundi, kila mmoja anaimba peke yake, na kwa raundi za juu anawekewa muziki ambao hajawahi kuuona ausome hapo hapo. Wakichaguliwa wanakuja na nyimbo tayari vichwani, wanakutana na kondakta mgeni, wanafanya mazoezi siku chache na wanatoa tamasha. Trena hawezi kukuokoa pale. Ukiona hivyo unatamani kuleta mfumo wote Kenya kesho asubuhi.

Lakini pole pole. Ile njia inachuja. Mtoto mwoga anaanguka hata kama ana sauti tamu, na yule mzazi wake amelipia mwalimu wa sauti wa faragha anapita. Kwaya zetu za shule, na kasoro zake zote, ziko na nafasi ya yule mtoto ambaye hawezi kuimba peke yake mbele ya mtu lakini ndani ya watu hamsini anafunguka anakuwa mtu mwingine. Nimeona watoto ambao kwaya ndio kitu pekee kiliwaleta shule term two. Ukigeuza yale majaribio ya mmoja mmoja yakawa ya kufukuza watu, umeharibu kitu ambacho hutakirudisha. Kwa hivyo mimi nasikiliza kila mtoto lakini simtoi mtu, nasikiliza ndio nijue nani asimame karibu na nani.

Na kuhusu kung'ang'ania kwangu solfa, sijaacha. Sababu ya kwanza ni kushuka sauti. Kwaya inayoimba bila kinanda inaanza kwa ki moja inamalizia chini yake, na wengi wanadhani ni pumzi tu, ni kweli pumzi iko ndani, lakini mara nyingi ni mi na ti zinaimbwa chini kidogo, na zile hatua za kuteremka zinafanywa kubwa kuliko zinavyofaa. Mtoto aliyekariri ukimwambia "umeshuka" hana la kufanya isipokuwa kukaza shingo. Mtoto anayejua hiyo noti ni mi utamwambia "inua mi" na atainua. Ya pili ni huu mtaala mpya. Grade 10 imeanza Januari 2026 na kuna njia nzima ya sanaa na michezo, muziki uko ndani, na hata mtihani wa KCSE wa sasa muziki una karatasi tatu, ya vitendo, ya kusikiliza na ya kuandika. Cheti cha kaunti hakikujibii karatasi ya kusikiliza.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba solfa yenyewe iko tayari, haiko shuleni tu. Nenda mazoezi ya kwaya ya Wakatoliki Jumamosi mchana, ama Wasabato kule Kisumu na Kisii, utakuta kijana wa miaka kumi na sita ameshika fotokopi ya sauti nne, herufi d r m zimefifia kwa sababu imetolewa kopi ya kopi, na anasoma bezi yake bila shida. Jumatatu huyohuyo kijana yuko shuleni anakaririshwa kama hajui kitu kwa sababu hakuna mtu alimuuliza. Kabla hujaita trena, uliza darasani nani anaimba kanisani na solfa. Utapata watano ama sita, na hao watano waweke mmoja kwa kila safu utaona tofauti kabla ya trena kufika.

Kando kidogo, kwa akina mama wanaotuma mayai mabichi asubuhi ya mashindano: yai linashuka njia ya chakula, kwa nyuzi za sauti halifiki kabisa. Mpe maji na alale mapema. Na wale vijana ambao sauti inapasuka, msiwalazimishe bezi kwa sababu tu wamerefuka, wacheni waimbe pale panapowatoshea kwa sasa.

Mtu ataniambia muda uko wapi. Nimepiga hesabu. Watoto sitini, dakika mbili kila mmoja, ni saa mbili. Gawa kwa siku nne ni nusu saa kwa siku. Trena anakula zaidi ya hiyo akibishana na bezi kuhusu pale pa kuingilia. Solfa dakika kumi na tano kabla ya kila zoezi kuanzia Januari, kwa ule wimbo wenyewe ukishatoka, si kwa zoezi la kitabu ambalo linawachosha. Na trena aje, bado namtaka, aje Mei akute watoto wanaojua laini zao awape kile sisi hatuna, ile rangi ya sauti, matamshi, kupumua, na ile njia yake ya kufanya watoto waamini wanachoimba.

Nilimwambia haya rafiki yangu wa Kisumu akacheka, akasema mwalimu wewe una muda wa kuandika hesabu. Lakini wiki mbili baadaye akanitumia sauti kwa simu, usiku, nyuma yake nyenje wanalia. "Mwalimu, nimejaribu hiyo yako kwa shule moja. Vijana wa tena kumi na mmoja, mmoja mmoja. Wanaoimba ni watatu. Wengine wanaandamana tu." Nikamuuliza sasa hao wanane utawafanyia nini. Akasema kesho wanakuja nusu saa kabla ya wengine, na kama niko na ile chati ya solfa ya ishara za mkono nimpigie picha.