Mwalimu msaidizi, uzuie mkono wako

Shule za kibinafsi hapa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Tudor, huajiri walimu wasaidizi hasa kwa PP1 na PP2, yaani madarasa ya awali, na Gredi ya 1. Vijana wengi wanaoomba kazi hii hudhani wameitwa kulea: kufunga kamba za viatu, kufungua mikebe ya chakula, kupangusa makamasi. Yote hayo yamo. Lakini kwangu mimi kipimo cha msaidizi mzuri ni kimoja: mtoto aliyeanza naye Januari anamhitaji kiasi gani ifikapo Agosti? Ikiwa bado anangoja kushikwa mkono ndipo aandike, basi kazi haijafanyika.

Wanaoanza huharibu kwa haraka yao. Mtoto ameulizwa 5 jumlisha 3, amenyamaza, na msaidizi keshamnong'oneza "nane". Mara nyingi kunyamaza huko ndiko kufikiri kwenyewe. Hesabu moyoni hadi 10 kabla hujafungua kinywa. Akiwa bado amekwama, mwonyeshe kwa kidole vizibo vya soda vya kuhesabia, usiseme neno. Isipotosha, muulize, "Tunaanzia wapi?" Halafu fanya hesabu nyingine mbele yake, tuseme 4 na 2, umwachie ile yake. Kumshika mkono ndiyo hatua ya mwisho kabisa, na hata hapo uanze kuulegeza kabla hajamaliza. Anayeanzia hatua ya mwisho humfundisha mtoto kwamba ukikaa kimya, jibu litakuja.

Hata mahali pa kukaa pana maana. Kaa kando ya mtoto, nyuma kidogo, kamwe usiwe kati yake na mwalimu wa darasa. Ukimkalia mbele, ataacha kumsikiliza mwalimu akusikilize wewe, na wenzake wataacha kucheza naye kwa kuwa kila wakija wanakuta mtu mzima katikati. Jambo hili huwakumba zaidi wanaoajiriwa kumwandama mtoto mmoja, labda mwenye usonji, ambapo mara nyingi mzazi ndiye anayelipa. Mzazi huyo ana haki ya kutaka kuona kazi ya pesa zake. Basi mweleze mapema, mwalimu wa darasa akiwepo, kwa nini utakuwa hatua 2 nyuma ya mwanawe.

Katika kusoma, muulize mwalimu anafundishaje kabla hujagusa kitabu. Kiswahili husomwa kwa silabi: ma, me, mi, mo, mu. Kiingereza cha madarasa ya chini huanzia kwenye sauti za herufi. Msaidizi akimwambia mtoto kwamba herufi hii ni "em", mtoto atajaribu kusoma "mama" na kutoa "emaema", na mwalimu hatajua kosa limetoka wapi. Mchanganyiko mdogo hivyo waweza kula wiki nzima.

Uwe na daftari dogo. Andika saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. "Saa 4:20, kengele ililia, akaziba masikio na kuingia chini ya meza, akatoka baada ya dakika 6" ni habari ya kufanyia kazi. "Leo alikuwa msumbufu" haimsaidii mtu. Daftari hilo ni la shule. Picha za watoto na habari zao hazina nafasi kwenye hali yako ya WhatsApp.

Chooni, mwambie mwalimu kabla hujaondoka na mtoto, mlango wa nje uachwe wazi, na mtoto ajifanyie kila anachoweza. Na kofi, kiboko au kumpigisha magoti havina mjadala: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili, ya mwili au ya akili, na faini yaweza kufika shilingi 100,000, au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Usikubali kutumwa kuchapa kwa niaba ya mwingine.

Kuhusu makaratasi, kinachochelewesha wengi ni cheti cha polisi cha tabia njema. Maombi yanaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Fomu ya alama hizo, iitwayo C24, ichapishwe pande zote mbili za karatasi moja. Wanaoleta karatasi mbili hurudishwa. Kianze Oktoba ikiwa unalenga Januari, maana shule hupanga wafanyakazi wake Novemba na Desemba.

Kabla ya kutia sahihi, uliza kama utalipwa likizo ya Aprili, Agosti na Desemba. Hapo ndipo wengi hujikuta mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, kwa hiyo ahadi ya mdomo isikutoshe. Ujue pia kwamba usaidizi haukupi usajili wa TSC, tume inayosajili walimu, hata ukikaa miaka 10. Anayetaka kuwa mwalimu kamili aweke akiba ya stashahada tangu mwezi wa kwanza. Chuo cha Ualimu cha Shanzu kiko papa hapa. Aliyevutwa na watoto wenye mahitaji maalum aangalie kozi za KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, iliyoko Kasarani, Nairobi.

Nanyi walimu wakuu, mpeni msaidizi dakika 10 na mwalimu wa darasa kabla ya kengele ya asubuhi. Aambiwe somo ni lipi, nani akae naye, na nani aachwe ajikokote mwenyewe leo. Bila dakika hizo mnamlipa mtu akisie.